Prosesa huria si kompyuta za bure

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika juma lililopita kwamba, kwa kuwa siku hizi kuna prosesa huria (prosesa ni ile chipu inayotekeleza amri zote za kompyuta), shule zetu za mikoani zitapata kompyuta bila kulipa, na kwamba ingefaa ununuzi wa kompyuta nyingine usitishwe hadi chipu hizo zifike. Nia yake ni njema, lakini amechanganya mambo mawili, na mchanganyiko huohuo nausikia kwa wateja wanaofika kibandani kwangu hapa Mwanjelwa, ninapotengeneza kompyuta.

Prosesa huria zinazozungumzwa ni zile zinazofuata RISC-V, na kilicho huria katika RISC-V ni maandishi. Ni maelezo ya amri ambazo prosesa inapaswa kuzielewa, idadi ya rejista zake, yaani vijisanduku vya ndani vya kushikia namba inazozifanyia kazi, na jinsi inavyopaswa kutenda hitilafu inapotokea. Kazi hiyo ilianza mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Chombo cha wanachama cha kuisimamia kikaundwa mwaka 2015, na mwaka 2020 kikahamishia makao yake Uswisi. Mtu yeyote anaweza kuyapakua maandishi hayo, kuyasoma, na akiwa na uwezo, kutengeneza chipu inayoyafuata bila kumlipa mtu ada ya leseni. Chipu yenyewe, hata hivyo, ni bidhaa ya kiwandani, na kiwanda kinaweza kabisa kuficha michoro yake ya ndani. Kipimo cha nyuzi za bolti ya milimita 10 nacho hakina mwenyewe, ndiyo maana nati ya kiwanda kimoja hukubali bolti ya kiwanda kingine. Lakini ukienda duka la vifaa ukaomba bolti ya bure kwa hoja kwamba kipimo chake ni cha wote, muuza duka atakucheka.

Faida ipo, ila si ya bei, na nimeishuhudia mezani kwangu. Mpwa wangu, ambaye bado ni mwanafunzi wa chuo, alikuwa ameandika kwa miaka miwili mfumo endeshi wake mdogo, yaani programu kuu inayoongoza kompyuta, kwa ajili ya kompyuta za kawaida, zile za ukoo wa x86 zinazojaa kibandani. Mfumo huo hauna matumizi ya biashara. Unawaka, unaonyesha mahali pa kuandika amri, unahifadhi mafaili machache na kuendesha programu kadhaa alizoziandika mwenyewe. Mwaka jana aliamua kuuhamishia kwenye RISC-V, nami nikawa msaidizi wa kushika waya na kuuliza maswali ya kipumbavu, kazi ambayo nimeona ina thamani yake.

Prosesa za x86 zinabeba historia ndefu. Hata leo kompyuta nyingi za aina hiyo huamka zikijifanya chipu ya mwaka 1978, inayoshika namba za biti 16, yaani tarakimu 16 za sifuri au moja, kisha programu inazipandisha ngazi kwa ngazi hadi zifikie biti 64. Seti ya msingi ya RISC-V ya biti 32 ina amri 40 tu, na rejista 32 ambazo moja yake husoma sifuri daima. Kijana anaweza kuimaliza sehemu hiyo ya maandishi kwa jioni moja na kesho yake akajiuliza maswali ya maana. Kompaila zilizo huria, yaani programu zinazogeuza msimbo wa mtu kuwa amri za prosesa, zinaielewa, na emuleta, yaani programu inayoiigiza prosesa hiyo, inaendeshwa vizuri na kompyuta mpakato iliyochakaa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mbeya anaweza kuanza kazi hii bila kumiliki chipu hata moja, kwa gharama ya bando la usiku.

Mpwa wangu alidhani ugumu utakuwa katika kujifunza amri mpya. Kumbe ugumu ulikuwa katika msimbo wake wa zamani. Ili kuandika herufi kwenye kioo, alikuwa amezoea kuitupa moja kwa moja kwenye anwani B8000 ya kumbukumbu, ambako kompyuta za x86 zimeweka ukurasa wa maandishi tangu zamani, na mazoea hayo yalikuwa yametapakaa kila mahali, hata ndani ya sehemu inayogawa kumbukumbu, ambayo haina shughuli yoyote na kioo. Kibodi aliisoma kwa amri maalumu za milango ya vifaa. RISC-V haina amri hizo kabisa, kwani kila kifaa huzungumzwa nacho kupitia anwani ya kumbukumbu. Alitumia miezi miwili kupanga upya nyumba yake kabla hajaandika hata mstari mmoja wa msimbo wa prosesa mpya. Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo sehemu bora ya kazi yote, naye hakufurahi.

Naomba nieleze tukio moja kwa urefu kidogo, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike barua hii. Mwezi Juni, katika baridi yetu mnayoijua, mfumo ulikuwa ukifanya kazi bila tatizo ndani ya emuleta. Tukauweka kwenye bodi halisi yenye chipu ya RISC-V, tukaunganisha waya wa seriali, unaopeleka maandishi ya bodi, kwenye kompyuta mpakato, tukawasha. Ikaandika mstari wa kwanza, ikaandika wa pili, kisha kimya.

"Mjomba, bodi imekufa," akasema.

"Haijafa, imenyamaza," nikamjibu, kwa ujasiri wa mtu asiyejua tatizo.

Ilinyamaza pale tu mfumo ulipowasha jedwali la kurasa, yaani orodha inayoiambia prosesa kila anwani ya programu iko wapi katika kumbukumbu halisi. Kumbukumbu hugawanywa katika kurasa za baiti 4096, na kila ukurasa una kiingilio chake chenye biti zinazosema kama unaweza kusomwa, kuandikwa au kuendeshwa. Mbili kati ya biti hizo ni alama za yaliyotokea tu: moja husema ukurasa umeshaguswa, nyingine husema umeshaandikwa. Kwenye x86 prosesa huziwasha yenyewe, na mpwa wangu hakuwahi kuzifikiria. Tulikagua waya, tukabadilisha chaja, tukapunguza msimbo hadi ukabaki mifupa. Umeme ulipokatika tuliendelea kwa betri, jiko la mkaa likiwa miguuni na mlango umeachwa wazi.

Siku ya tatu aliacha kubahatisha akarudi kwenye maandishi, akayasoma neno kwa neno. Humo yameelezwa wazi kwamba prosesa ina ruhusa ya namna mbili: ama iziwashe biti hizo yenyewe, ama itangaze hitilafu ya ukurasa na kuuachia mfumo endeshi kazi hiyo. Emuleta yetu ilichagua namna ya kwanza, bodi yetu ikachagua namna ya pili. Na kwa kuwa sehemu ya mfumo inayopokea hitilafu ilikuwa nayo katika ukurasa ambao haujawashwa biti ya kuguswa, kila hitilafu ilizaa hitilafu nyingine papo hapo, bila mwisho, na hakuna herufi iliyopata nafasi ya kutoka. Waingereza huliita tukio la prosesa kurukia mahali pa kupokelea hitilafu kwa neno lenye maana ya mtego, na usiku ule neno la Kiswahili lilitutosha kabisa. Dawa yake ilikuwa kujumlisha namba 192, yaani 64 na 128 ambazo ni thamani za biti hizo mbili, katika kila kiingilio cha ukurasa kinapoundwa, biti zote mbili zikawa zimewashwa tangu mwanzo. Ulikuwa mstari mmoja wa msimbo. Bodi ikaandika mstari wa tatu, wa nne, na hatimaye alama ya kusubiri amri.

Jibu hilo halikutoka kwa mwenye kiwanda, wala hatukuhitaji kumwandikia barua tukisihi. Lilikuwa limeandikwa mahali ambapo mtu yeyote anaruhusiwa kusoma. Mimi ni fundi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kubahatisha kwa sababu michoro ya vifaa ninavyovitengeneza imefungiwa. Najua tofauti iliyopo.

Msomaji mwenzangu aliandika pia kwamba mambo haya ni ya kampuni kubwa peke yake. Ni kweli kwamba Linux, mfumo endeshi huria unaotumika sana, ilipokea RISC-V katika toleo lake la 4.15, Januari 2018, na kazi hiyo ina wahandisi wa kulipwa. Lakini Haiku, mfumo ulioanzishwa mwaka 2001 na wapenzi wa mfumo endeshi wa zamani wa BeOS waliokataa kuuona ukipotea, ulifikishwa hadi kuonyesha dirisha zake kwenye RISC-V mwaka 2021 kwa bidii ya wanaojitolea. Na xv6, mfumo mdogo wa kufundishia wa chuo cha MIT nchini Marekani, ulihamishwa kutoka x86 kwenda RISC-V mwaka 2019. Kwa hiyo wanafunzi wa chuo kile na mpwa wangu wanasoma maandishi yaleyale, ingawa wao hawakatikiwi umeme.

Kuhusu bei, bodi yetu ilinunuliwa. Dada yangu aliuza magunia ya viazi kutoka shambani kwake Uporoto, na usafirishaji pamoja na ushuru ulitugharimu kiasi ambacho sikumwambia mke wangu siku ileile. Shule inayotaka kompyuta za kuandikia barua na kujifunzia mahesabu mwaka huu inunue zilizopo sokoni na isingoje chochote. Mwalimu wa TEHAMA mwenye wanafunzi wawili watatu wanaouliza kompyuta inaamkaje, huyo ndiye ningependa apate habari hii, naye hahitaji bodi kwa kuanzia. Emuleta inamtosha, mradi awaonye kwamba emuleta ni mwalimu mpole kupita kiasi.

Kwa sasa mfumo wa mpwa wangu unawaka kwenye bodi lakini bado hauwezi kusoma kadi ya kumbukumbu. Draiva yake, yaani programu ya kuendesha kifaa hicho, inahitaji maelezo ya kifaa ambayo mtengenezaji wa chipu hakuyatoa yote, kwa sababu uhuria wa RISC-V unaishia kwenye seti ya amri na haujafika kwenye vifaa vilivyoizunguka. Hapo tumekwama tangu Agosti.

Wako msomaji,
Fundi wa kompyuta,
Mwanjelwa, Mbeya