Mdogo wangu, chombo kikavu hakikalafatiwi

Assalaam aleikum. Simu hupokei, ujumbe unausoma hujibu, basi naandika hapa. Mashua ya baba iko Matondoni, imetiwa gadi, yaani magogo ya kuiegemeza isilale, mbao nne za ubavu wa kushoto zimeng'olewa. Nasikia waulizia watu kwa nini kazi ya siku tatu imekuwa ya miezi miwili.

Siku ile baada ya hitma, chombo kilikuwa kimekaa juani wiki sita bila tone la maji. Mbao zimesinyaa, ncha ya kisu yaingia baina ya ubao na ubao. Ukaamuru kikalafatiwe, yaani pamba ijazwe kwenye nyufa, igongwe mpaka nyundo idunde, juu yake ukaziba saruji na kupaka rangi jioni ile ile, maana Jumamosi una wageni wa kupeleka Manda. Bado nakuona ukipitisha dole gumba juu ya saruji mbichi: "Hapa hata chozi halipiti." Baba hajamaliza siku kumi kaburini.

Ubao mkavu ukirudi majini hunywa, na ukinywa hunenepa. Pamba iliyoshindiliwa ufa ungali mpana haiupi ubao nafasi. Ubao wasukuma mwenzake, mwenzake wasukuma mwingine, na kinachoachia ni msumari. Kwenye ubao wa tatu misumari saba imevutwa nje, na taruma, ubavu wa ndani unaoshika mbao, limepasuka urefu wa shibiri. Saruji nayo hainyumbuki na mbao. Hupata ufa, maji yaingia nyuma yake na hayana pa kutokea. Mvua ndiyo mbaya zaidi: maji ya chumvi huutunza mti, maji matamu yakituama huuozesha.

Ungeuliza, ungeambiwa. Chombo hupwelezwa ufukoni maji ya bamvua, maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakiwa juu kabisa, upate karibu siku 14 za kazi kabla ya bamvua nyingine. Kwangua rangi yote, kisha gonga ubao kwa kinyundo, taratibu, kuanzia mkuku, uti wa chini wa chombo, kwenda juu. Mti mzima hulia. Uliooza hukujibu kwa sauti ya gunia. Hapo choma kwa ncha ya kisu, ikizama bila kubishana, ubao huo toa. Kipande kipya kiwe cha mbao iliyokauka vizuri, na viungo vya mbao mbili zinazopakana visikutane kwenye taruma moja. Toboa kwa keekee tundu jembamba kuliko msumari, zungushia kichwa uzi wa pamba uliolowa mafuta, ndipo upige. Misumari iwe ya chuma kilichopakwa zinki. Ya chuma kitupu huota kutu, na kutu hula mti unaoizunguka.

Kisha subiri. Hapa ndipo ulipokosea. Funika ubavu kwa magunia, mwagia maji ya bahari asubuhi na jioni, wiki nzima, mpaka nyufa zikaribiane. Ndipo pamba iliyolowa mafuta ya nazi iingie, nyuzi kwa nyuzi, kwa mkono wa kusikiliza. Chini choma kwa makuti yanayowaka, moto upite upesi, afe mdudu atoboaye mbao. Halafu paka deheni: chokaa iliyochekechwa na shahamu, mafuta ya mnyama, iliyoyeyushwa, ikandwe mpaka ishike kama unga wa mandazi. Juu ya mstari wa maji, paka sifa, mafuta ya papa. Ukishua, chombo kitavuja siku ya kwanza. Ni kawaida. Mtu akae ndani na upo wa kukumbia maji, mbao zimalize kunywa.

Najua utasema nilikuwepo. Nilikuwepo, ngazi nilishika mimi. Lakini mama alikuwa edani, nyumba imejaa watu, na kugombania mashua ya maiti mbele ya wageni wa matanga si adabu yetu. Pesa zilikuwa zako. Mimi sikuwa na hata ya pamba. Ningesema nini ukanisikiliza? Nilisema "ngoja kidogo", mara mbili. Ulisikia.

Wala sikufukuzi. Mkono wako kwa tezo la kuchongea mbao ni mwepesi kuliko wangu, na baba alilisema hilo mbele yangu bila kunificha. Taruma lililopasuka lataka mti uliopinda wenyewe, wa mkwaju au mwembe, si ubao ulionyooka ukachongwa upinde. Nimepata mkwaju na nimeuweka kivulini. Bado sijauchonga. Bamvua ijayo ni mwezi mpevu. Njoo na tezo lako, saruji iache huko huko.