Fuawe za zamani zisiishie kuyeyushwa nondo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kuna vitu vinapotea huku kwetu Tanga na watu wanaona kawaida tu. Nazungumzia vifaa vya uhunzi vya zamani, fuawe (lile pande zito la chuma mhunzi analofulia juu yake), vaisi za mguu (vibano vya mhunzi vyenye mguu unaofika chini), koleo, nyundo, feni za kupulizia moto, vitu vilivyokuwa kwenye karakana za mashamba ya mkonge na za reli na za misheni, sa hivi vinapandishwa kwenye mzani pamoja na rimu za baiskeli na bodi za magari vinaenda kuyeyushwa viwe nondo. Mimi si mhunzi wa kuajiriwa, kazi yangu ni ya ofisini, uhunzi nafanya wikiendi nyuma ya nyumba kwa sababu naupenda, na vifaa vyangu karibu vyote nimevinunua vimekula kutu nikavirudisha kazini, kwa hiyo nikisema inaniuma jamani inaniuma kweli.

Watu wa Tanga mnaijua hii historia. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miaka ya 60 mwanzoni hapa ndo palikuwa panaongoza dunia nzima kwa zao hilo. Sasa shamba la mkonge halikuwa shamba tu, lilikuwa na korona, yaani mashine ya kuchakata majani ya mkonge, lina reli yake ndogo na matoroli, lina majembe na visu vya kukatia, na kitu kikivunjika huwezi kukaa kusubiri meli kutoka Ulaya, kwa hiyo lazima kuwe na karakana na mhunzi. Zikaja kamba za plastiki, bei ya mkonge ikaanguka, mashamba mengi yakafa, ila fuawe yenyewe haifi, ilibaki pale pale kwenye banda imefunikwa na vumbi na popo. Shamba moja ambalo jina nitaliacha waliuza karakana nzima kwa mkupuo, kila kitu bei ya kilo, na nilipofika kwa yule mnunuzi wa skrepa nilikuta fuawe nzuri sana imeshakatwa katikati kwa gesi ili iweze kubebeka. Haiungiki tena ile.

Mtu atauliza kwani hakuna mpya? Zipo, lakini nyingi za bei nafuu zinazoletwa ni chuma cha kumimina kitupu, ukiipiga nyundo inabonyea au inamegeka ukingoni. Mafundi wetu wengi wanafulia kwenye kipande cha reli na wanafanya kazi nzuri tu, siwadharau hata kidogo, ila reli ni nyembamba, haina shimo la mraba la kuchomekea patasi, haina pembe ya kukunjia, na kijana anayejifunza anahangaika mara mbili. Fuawe za Kiingereza za zamani, mfano za Peter Wright wa Dudley, mwili wake ni chuma laini cha kufua na juu wameunganisha bamba la pua, yaani chuma kigumu. Hiyo kitu ikitunzwa inapita vizazi.

Sasa kwa vijana wenzangu wanaotaka kuanza, nawaambia ninavyokagua. Kwanza angalia ubavuni kama kuna namba tatu zimefuatana, maana Waingereza walikuwa wanagonga uzito kwa mtindo wao, ile ya kwanza unazidisha kwa 112, ya pili unazidisha kwa 28, ya tatu unaiacha ilivyo, unajumlisha unapata ratili. Ukikuta 1-2-10 maana yake 112 na 56 na 10, ratili 178, kama kilo 81 hivi. Ukijua hivyo hata mwenye mzani wa kuchezea hakubabaishi. Alafu beba gololi ya beringi mfukoni, idondoshe kutoka sentimita 25, ikiruka ikarudi 18 au zaidi uso ni mgumu, chukua, ikirudi chini ya nusu achana nayo, inawezekana iliungua banda likishika moto na ugumu ukatoka wote. Pitisha na tupa, ile ya kunolea, pembeni kidogo, ikiteleza bila kung'ata ni dalili nzuri. Gonga kwa nyundo ndogo kila sehemu usikilize, sauti ikiwa inalia vizuri halafu sehemu moja inakufa ghafla, bamba limeanza kuachia hapo.

Vaisi ya mguu ni rahisi zaidi na naona ndo ya kuanza nayo. Usiangalie kutu ya nje, fungua skrubu yote utoe, angalia meno yake na meno ya ndani ya lile bomba inapoingia, hayo yakiwa yamelika mpaka makali kama kisu basi hiyo vaisi imeisha, ila kama meno yapo mazima mengine yote unatengeneza mwenyewe. Springi imepotea? Unafua kwa kipande cha springi ya gari. Kishikio cha kufungia mezani hakipo? Unafua. Hiyo ndo raha ya hii kazi, kifaa kibovu kinakupa kazi ya kujifunzia.

Kwenye kusafisha ndo watu wanaharibu, na hapa naomba wasomaji wanisikilize vizuri. Usipeleke fuawe kwa mtu wa grinda akakwambia ataisawazisha uso ing'ae! Lile bamba gumu juu ni nene sentimita moja na kidogo tu, kila ukisaga unaondoa kitu ambacho hakirudi, na vibonde vidogo havimzuii mtu kufua. Nimeona fuawe iliyodumu enzi zote za ukoloni ikauliwa mchana mmoja na grinda. Kuijazia kwa kulehemu nako bila kuipasha moto kwanza kunaleta nyufa. Brashi ya waya, mafuta taa, kitambaa, mafuta kidogo, basi, alafu anza kufua, uso utang'aa wenyewe kwa kazi.

Vitu vidogo kama koleo na patasi naviloweka kwenye siki usiku mmoja au natumia umeme, yaani ndoo ya plastiki, maji na magadi, chaja ya betri ya gari, hasi inashika kifaa chako na chanya inashika kipande cha chuma cha kutupa. Usiweke stenlesi upande wa chanya hata siku moja, inatoa sumu ya kromi kwenye maji, na fanyia nje kwa sababu inatoa gesi ya hidrojeni ambayo inawaka. Feni ya zamani ya kuzungusha kwa mkono ikiwa imeganda usiilazimishe, ndani ni grisi iliyokauka, mimina mafuta taa uiache siku kadhaa itaachia yenyewe, ukilazimisha meno ya gia yanavunjika na hayo huyapati popote. Nyundo iliyochanua kichwani lazima uondoe ule mchanuo kwa sababu vipande vinaruka vinaingia machoni, saga taratibu unachovya maji, ikigeuka buluu ujue ugumu umetoka. Mpini tunatumia mpera, mti unaotuliza mkono na haupasuki hovyo.

Jambo jingine ni karatasi. Wenzetu Kenya Januari 2022 serikali yao ilifikia kusimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, na hata huku vipande vya reli vinaibiwa, kwa hiyo ukinunua hasa kitu chenye alama za reli dai risiti na ujue kimetoka wapi. Mtu akikwambia chukua tu usiulize, ondoka. Anayenunua cha wizi ndo anayeua reli.

Ombi langu sasa. Kwanza kwa wafanyabiashara wa skrepa, kaka zangu, kitu chenye umbo la fuawe au vaisi wekeni pembeni, mhunzi atawalipa zaidi ya bei ya kilo na nyinyi mtapata faida kubwa kuliko kiwandani. Pili kwa taasisi zinazopiga mnada vifaa vya karakana, msivichanganye na makopo kwenye fungu moja la tani ambalo mtu wa kawaida hawezi kulinunua, tenganisheni, kifaa kimoja kimoja, mtangaze mapema. Wahunzi wa Mamba kule Kilimanjaro na ndugu zetu Washana, ukoo wa wahunzi wa Upareni, bado wana watoto wanaojua kushika nyundo, na VETA wa vyuo vya ufundi na SIDO wa viwanda vidogo wapo, hawa wote wangepewa nafasi ya kwanza kabla gari la kiwandani halijafika. Na mzee yeyote ambaye ana fuawe ya marehemu baba yake inakalia mlango wa banda la kuku, nakuomba usiiuze kwanza, mwite mhunzi wa jirani aje aigonge aisikilize.

Ni mimi msomaji wenu,
Tanga.