Mavyaa ataka kujua usonji wa mwanangu umetoka upande wa nani

Shikamoo Shangazi,

Nina mtoto mmoja wa kiume, miaka 5, tunaishi Mombasa. Ana usonji. Maneno yake ni ya kuhesabu, choo kigumu tangu uchanga, na saa tisa usiku yuko macho anapanga vifuniko vya soda ukutani. Kichwa nacho kikubwa. Kofia ya Idd tulimnunulia ya saizi ya binamuye wa darasa la sita.

Daktari alishauri tupimwe jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyo mwilini, sote watatu, damu ikapelekwa India. Majibu yakaja: jeni iitwayo CHD8, iliyo kwenye kromosomu (kifurushi cha jeni) ya 14, nakala moja kati ya mbili ina hitilafu. Alivyotueleza, jeni hiyo husimamia nyingine. Mimba ikiwa bado changa, ubongo ndio kwanza unajengwa, yenyewe husaidia kuamua zipi ziwashwe, zipi zizimwe, na lini. Ikipungua nguvu, jeni nyingine nyingi hukosa mpangilio. Basi si chanjo, si nilichokula, wala si jini la baharini kama nilivyoambiwa. Na hitilafu yenyewe haikuonekana kwenye damu yangu wala ya mume wangu. Imezuka upya kwa mtoto.

Mavyaa hasikii. "Kwetu hakuna watoto wa hivi," ndilo neno lake, na sasa anamtafutia mwanawe mke wa pili. Mume wangu kimya. Kimya hicho kinaniuma kuliko maneno ya mamake.

Sasa Shangazi, kuna jambo. Nilimuuliza daktari faraghani hitilafu kama hizi huanzia wapi. Akasema nyingi hutokea kwenye mbegu za baba, na huongezeka kadiri umri wa baba unavyosogea. Mume wangu amenizidi miaka 16! Vipimo vyetu havikuonyesha imeanzia kwa nani, na daktari alisisitiza hapana wa kulaumiwa. Lakini ulimi unaniwasha. Nikilitamka, mavyaa atanyamaza, ila ndoa sijui.

Tena natamani mtoto wa pili. Uwezekano wa hitilafu hiyo hiyo kujirudia ni mdogo, daktari anasema kama 1 kwa 100. Mume hataki hata kulizungumza.

Je, nimwambie mume hilo la mbegu tukiwa wawili, au nilimeze? Na mavyaa aendewe na nani: mimi, mwanawe, au nimwombe wifi mkubwa, ambaye angalau humbeba mwanangu?

Mama wa Mmoja, Mombasa