Parkinson si kinga ya saratani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe dai lililozoeleka kwenye kurasa za afya, kwamba mwenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa seli za neva za ubongo kufa taratibu hadi mtu akatetemeka na kukakamaa, hapatwi na saratani. Dai hili lina chembe ya ukweli, ndiyo maana halifi. Ukijumlisha saratani zote, wagonjwa wa Parkinson huzipata kwa kiwango kidogo kuliko watu wa rika lao. Ila jumla hiyo ni kapu la vitu visivyofanana. Limwage uone: saratani ya mapafu na nyingine zinazoletwa na tumbaku ziko chini, lakini melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi, iko juu.

Upungufu wa zile za tumbaku usimshangaze mtu. Wavutaji sigara huugua Parkinson kwa nadra kuliko wasiovuta, kwa hiyo kundi la wagonjwa huwa na wavutaji wachache tangu mwanzo. (Asitokee mtu akadhani nahimiza sigara, inaua wengi kabla hawajafika umri ambao Parkinson huanza.)

Kazi iko kwenye melanoma. Hapa uhusiano unakwenda pande zote mbili: mwenye Parkinson yuko katika hatari zaidi ya melanoma, na aliyewahi kupata melanoma yuko katika hatari zaidi ya Parkinson. Kwa miaka mingi lawama iliangukia levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu. Shaka hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwani dopa ni malighafi ambayo mwili huitumia kutengeneza rangi ya ngozi. Lakini ongezeko la melanoma limeonekana hata kwa watu ambao Parkinson yao ilikuwa bado haijagunduliwa, hawajameza kidonge hata kimoja, na limeonekana pia kwa ndugu zao wa damu. Kidonge hakimfikii ndugu asiyekimeza. Urithi unamfikia.

Nalisisitiza hili kwa kuwa mtu anaweza kusoma onyo la melanoma kwenye karatasi ya levodopa akaitupa dawa siku hiyohiyo. Kuacha ghafla huweza kuleta homa kali, kukakamaa kwa misuli na kuchanganyikiwa. Misuli ikianza kuvunjikavunjika, mabaki yake huharibu figo, na mgonjwa anaweza kufa. Levodopa hupunguzwa kidogokidogo, tena kwa maelekezo ya daktari.

Inakuwaje jeni moja iguse magonjwa mawili yanayoonekana kupingana, moja la seli kufa na jingine la seli kukataa kufa? Chukua parkin, jeni iliyotambuliwa mwaka 1998. Iko kwenye kromosomu ya 6, ni ndefu kupita kiasi, na imekaa mahali panapokatika kwa urahisi. Ikishirikiana na nyingine iitwayo PINK1, huziwekea alama mitokondria (vinu vya nishati vya seli) zilizochakaa ili seli izisage na kuzitupa. Seli ya neva haigawanyiki. Inapaswa kudumu umri wote wa mwenyewe, na takataka zikirundikana humo inakufa. Seli inayogawanyika ina mahitaji mengine: humo parkin husaidia pia kuondoa protini zinazosukuma mgawanyiko, kwa hiyo ikipotea, breki imelegea. Hasara ni ileile, seli ndiyo tofauti.

DJ-1 inaonyesha upande wa pili. Mwaka 1997 ilielezwa kama jeni inayochochea uvimbe. Mwaka 2003 ikabainika kuwa wanaoikosa kabisa hupata Parkinson wakiwa bado na umri mdogo. Ikizidi, uvimbe unanufaika. Ikikosekana, neva zinakufa.

Wanahabari wengi hujikwaa hapa: hitilafu ya kurithi na hitilafu iliyozuka ndani ya uvimbe huandikwa kana kwamba ni kitu kimoja. Aliyerithi nakala mbili mbovu za parkin, moja kwa baba na moja kwa mama, huanza kutetemeka mara nyingi kabla ya miaka 40. Parkin iliyokatika ndani ya uvimbe wa ovari au wa ubongo iko kwenye uvimbe huo tu; mtoto wa mgonjwa hairithi.

Anayefikiria kupima jeni zake aanze na karatasi na kalamu. Achore vizazi vitatu, upande wa baba na wa mama, aandike umri ambao ugonjwa ulianza, siyo umri wa kufa. Kwa saratani, aulize ilianzia wapi: familia nyingi husema "saratani ya ini" kumbe ini ni mahali iliposambaa. Kisha aiulize maabara maswali mawili. Je, kipimo cha parkin kinahesabu vipande vilivyofutika au kujirudia? Usomaji wa kawaida wa herufi za DNA huvikosa kwa urahisi. Na je, kwenye GBA1, jeni nyingine inayohusishwa na Parkinson, wanaitenganishaje jeni hiyo na pacha wake asiyefanya kazi, ambaye herufi zake zinakaribia kufanana nayo kabisa? Mwaka 2023 lilitangazwa badiliko la GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika, na limekaa nje ya sehemu zinazobeba maelekezo ya protini. Kipimo kinachosoma sehemu hizo pekee kitarudisha jibu safi lisilo la kweli. Hata jibu likija na hitilafu, si hukumu: wengi wenye badiliko liitwalo G2019S kwenye LRRK2, jeni nyingine ya Parkinson, hufika miaka 80 bila Parkinson.

Mgonjwa wa Parkinson akipata saratani, kuna mtego kwenye matibabu yenyewe. Metoklopramidi, dawa ya kichefuchefu inayotolewa sana wakati wa kemotherapi, huzuia dopamini, kemikali ya ubongo ambayo tayari imempungukia, na kumfanya akakamae zaidi. Proklorperazini na haloperidoli vivyo hivyo. Ondansetroni kwa kawaida inafaa, isipokuwa kwa anayetumia apomofini, dawa nyingine ya Parkinson, maana zikikutana shinikizo la damu huweza kuporomoka. Hilo liandikwe kwa herufi kubwa juu ya faili lake.

Ngozi nayo ikaguliwe yote, angalau mara moja kwa mwaka: doa lisilo na pande sawa, lenye kingo zilizochongoka, lenye rangi zaidi ya moja, linalozidi milimita 6, au linalobadilika. Kwa wenye ngozi nyeusi, melanoma hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, kwa hiyo soksi zivuliwe na rangi ya kucha ifutwe kabla ya kuingia kwa daktari.