Barua ya wazi kwa Waziri wa Jeshi la Majini wa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa

Mheshimiwa Markizi wa Seignelay,

Mwaka 1685 ulikunyookea. Mwezi Mei, Doge, yaani mtawala, wa Genoa alifika Versailles kumwomba mfalme radhi, mwaka mmoja baada ya wewe kwenda na meli za kivita kuupiga mji wake mabomu. Julai ukamkaribisha mfalme kwenye kasri lako la Sceaux, akaburudishwa kwa mashairi ya Racine yaliyotiwa muziki na Lully. Mashairi yenyewe yalisifu amani. Una moyo, Mheshimiwa!

Ila mimi nakuandikia kwa sababu ya Machi. Mwezi huo mfalme alitia sahihi Code Noir, amri ya watumwa wa visiwa vya Amerika, ambayo marehemu baba yako aliianza nawe ukaikamilisha. Ina vifungu 60. Wapo wanaoitetea mpaka leo, eti iliwalinda watumwa: kila mwenye miaka 10 na zaidi apewe kwa wiki ratili mbili za nyama ya ng'ombe ya chumvi, au tatu za samaki, pamoja na unga wa muhogo. Haya, tuchukue hilohilo. Kifungu cha 26 kinamruhusu aliyenyimwa chakula apeleke malalamiko kwa mwanasheria wa mfalme. Kifungu cha 30 kinasema maneno ya mtumwa yasihesabiwe hata chembe ya ushahidi. Cha 44 kinamfanya mali ya kurithiwa. Akitoroka mwezi mzima, cha 38 kinaagiza akatwe masikio na kupigwa chapa begani. Akirudia, akatwe mshipa wa mguu. Mara ya tatu, auawe.

Oktoba ikawa zamu ya Waprotestanti. Wachungaji walipewa siku 15 wawe wameondoka nchini. Wanaume waliokamatwa wakikimbia walifungwa kwenye makasia ya galei, meli za kivita za kupigwa makasia, nazo zilikuwa chini ya wizara yako.

Utauliza mtu wa pwani ya Kilwa yanamhusu nini. Desemba 1723 Code Noir ilirekebishwa kidogo ikapelekwa Bourbon na Isle de France, ndizo Réunion na Mauritius za leo. Mwaka 1776 Mfaransa Morice akaandikiana na Sultani wa Kilwa mkataba wa kuuziwa watu 1,000 kila mwaka, piasta (sarafu za fedha) 20 kwa kichwa. (Sultani wetu naye alikubali, sikatai.)

Basi nijibu hili tu: yule aliyelala njaa, ulitaka athibitishe njaa yake kwa ushahidi wa nani?

Ni mimi,
Mswahili wa Kilwa