Mtoto wa miaka 15 hakuanza jana

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu enzi zile lilipokuwa likitufikia Dodoma limeshakuwa la jana, na sijawahi kukuandikia. Ila ile habari yenu kwamba vijana wa sekondari hawatulii darasani kwa sababu ya simu imenishinda kunyamaza.

Mjukuu wangu yuko kidato cha pili. Simu hana. Mwezi uliopita niliitwa shuleni, mwalimu wa nidhamu akanifungulia daftari la hesabu: swali la kwanza limefika hadi jibu, safi kabisa, la pili limekatika katikati ya mstari, na pembeni kachora treni ya SGR na mabehewa yake yote. "Bibi, ni simu hizi." Keshamchapa viboko vitatu. Nikatoa mkobani kadi yake ya kliniki, imechakaa hadi imepasuka mikunjo. Kazaliwa mimba ikiwa na miezi saba, kilo 1.6. Njiti. Mimi na mama yake tulipokezana kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, na upepo wa Julai wa hapa mnaujua. Mwalimu akaitazama kama risiti ya duka lililokwisha kufungwa. "Hayo ya zamani, Bibi."

Ya zamani! Mtoto hujiwekea akiba ya madini ya chuma, yanayojenga damu na ubongo, kutoka kwa mama hasa miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Anayewahi kutoka, anatoka na kibaba kisichojaa. Waliozaliwa kabla ya wiki 37, au chini ya kilo 2.5, wamo zaidi katika hatari ya kushindwa kushika jambo moja hadi mwisho, na hali hiyo inaweza kuwafuata hadi ujanani. Hata upungufu wa damu wa uchangani unaweza kutibiwa, damu ikapanda, umakini usirudi wote. Sisemi kila njiti yuko hivyo, wengine wanaongoza darasa. Lakini huyu wangu anachapwa kwa kosa gani, la kuwahi kuzaliwa? Na wala hapigi kelele, anakaa kimya akitazama dirishani, ndiyo maana hakuna aliyejishughulisha naye hadi alipofeli.

Halafu hiyo fomu ya kujiunga. Fyekeo moja, jembe na mpini wake, ndoo, rimu ya karatasi. Shule inajua urefu wa mpini, haijui mtoto alizaliwaje. Na huku kijijini wajawazito wanaambiwa vidonge vya kuongeza damu vimeisha, njooni wiki ijayo. Wanarudi nyumbani wanashushia ugali na mlenda kwa chai ya rangi, ambayo nayo inazuia hicho kidogo cha chuma kisiingie mwilini.

Basi pale chini ya "fyekeo" ongezeni mstari mmoja: alizaliwa wiki ya ngapi, kilo ngapi. Aliye njiti akae dawati la mbele, mbali na dirisha linalotazama reli. Fyekeo letu tulishapeleka. Juzi wamedai la pili.

Bibi wa Njiti,
Ihumwa, Dodoma