Kikao cha usafiri wa dharura, Jumamosi

Habari za jioni, ndugu zangu. Tukutane Jumamosi saa 9 alasiri, ofisi ya kijiji.

1. Mchango wa mfuko wa dharura: sh. 5,000 kila kaya, kwa mweka hazina, mwisho Ijumaa.

2. Wenye magari na bajaji, njooni na leseni tuwaorodheshe. Namba 115 ya m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura, ni bure na huita dereva kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga. Lakini aliyeumwa na nyoka au kuanguka mnazini anatutegemea sisi, na usiku hana mwingine wa kumsubiri.

3. Majembe tafadhali. Baada ya kikao tunafukia lile korongo la njia ya kisimani, gari lisikwame tena na mgonjwa ndani.

Nani anakuja? Andika jina lako hapa kabla ya Alhamisi usiku. Asanteni sana.